Kutembea, kukwea au kamba? Mambo yanayowachanganya watu wanaoutazama Nyiragongo

Asubuhi mawingu yakifunguka na Nyiragongo, volkano ya mashariki mwa Kongo, ukaonekana wote juu ya mji wa Goma, ubishi ni ule ule. Mmoja anasema aliwahi kuupanda. Wa pili anamkatiza: "Kaka, ule si mlima wa kupanda, ni kutembea tu, hata watalii wazee walikuwa wanafika." Wa tatu, ambaye hajavuka Kibati, pale njia ya mlima inapoanzia, anaapa kwamba bila kamba na vyuma hakuna anayefika juu. Wote watatu wana ukweli kidogo, ila kila mmoja anasemea kipande chake cha mlima.

Ubishi huo ungekuwa wa kupitisha muda tu kama usingekuwa na majeraha. Anayeamini ni matembezi huenda na sandali na chupa moja ya maji. Anayeamini ni kazi ya kamba hununua kamba asiyojua kuifunga. Hatari iliyopo katikati ya hao wawili, ile ya kukwea mawe kwa mikono na miguu, hakuna aliyewaeleza.

Neno moja kwanza: makala haya si mwaliko. Safari za kileleni zilisimama baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, na njia iko ndani ya Parki ya Virunga, ambako hakuna anayeingia bila kibali na walinzi wa parki. Tunautumia Nyiragongo kama mfano kwa sababu kila mtu wa Goma anaujua kwa macho, na kwa sababu mambo yake yanafanana na ya milima mingi ya mawe kwingineko.

Namna tatu za kwenda juu

Kutembea mlimani ni pale miguu inapobeba uzito wote na mikono haina kazi zaidi ya kushika fimbo. Ukiteleza, unakaa chini, unapangusa suruali, unaendelea.

Kukwea mawe kunaanza pale mwinuko unapokulazimisha kutumia mikono: mwanzoni kwa kujisawazisha tu, baadaye kwa kushika jiwe na kujiinua. Mtu mzoefu hahitaji kamba hapo. Lakini kuteleza sasa kuna bei yake: utaviringika mita kadhaa juu ya mawe yenye makali kabla ya kusimama.

Kupanda kwa kamba ni pale ambapo ukikosea unaanguka hewani. Wapandaji hujifunga kamba, kamba inapita kwenye vyuma vilivyoshikamana na mwamba, na mmoja anapanda huku mwenzake akimshikilia.

Shirikisho la kimataifa la wapanda milima, UIAA, hupima ugumu wa mwamba kwa namba za Kirumi. Daraja la I ni pale mikono inapohitajika kwa kujisawazisha. Daraja la II ni pale unapolazimika kuhamisha kiungo kimoja kwa wakati, vingine vitatu vikiwa vimeshika. Kufikia daraja la III, watu wengi wenye akili timamu wanataka kamba. Kukwea tunakozungumzia hapa ni I na II.

Watu wengi hudhani kwamba urefu wa mlima ndio unaoamua uko wapi kati ya hizo tatu. Sivyo. Katika volkano jirani za Virunga, Karisimbi una mita 4,507, Mikeno una mita 4,437. Karisimbi unamzidi jirani yake kwa mita 70. Lakini Karisimbi hupandwa kwa kutembea, ilhali Mikeno, volkano iliyozimika zamani na kuliwa na mvua hadi ukabaki mwamba uliochongoka, humrudisha nyuma mtembeaji wa kawaida kabla ya kilele. Mlima Kenya unaonyesha jambo hilo hilo ndani ya mlima mmoja. Kilele cha Lenana, mita 4,985, hufikiwa kwa miguu. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, viko hapo hapo karibu, juu yake kwa mita mia mbili na kidogo, na havina njia ya kutembea hata moja. Kilimanjaro nao, mita 5,895, mrefu kuliko yote Afrika, hupandwa kwa kutembea kwenye njia zake za kawaida, isipokuwa mahali kama ukuta wa Barranco, katika njia za Machame na Lemosho, ambako mikono inaingia kazini.

Kwa hiyo badala ya kuuliza "una mita ngapi?", mkweaji hujiuliza maswali mawili kila anapoinua mguu. Nikiteleza hapa, nitasimamia wapi? Na je, nilipopita naweza kurudi? Majibu hubadilika kila baada ya mita chache, ndiyo maana mlima mmoja unaweza kuwa matembezi saa nne na kukwea saa tano.

Nyiragongo kipande kwa kipande

Kutoka kituo cha walinzi cha Kibati hadi ukingo wa kreta, yaani shimo la kileleni, mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, ni kupanda karibu mita 1,500 kwa njia ya kilomita sita na nusu hadi nane, kutegemea anayepima. Ni wastani wa mita 20 hivi za kwenda juu kwa kila mita 100 za njia. Waliokuwa wakipanda na walinzi walitumia kati ya saa nne na sita.

Wastani huo hauaminiki hata kidogo, kwa sababu mwanzo ni msitu na mwinuko wa kawaida, na deni lote hulipwa mwishoni. Baada ya msitu inakuja lava ya wazi, mawe yaliyolegea ya ukubwa wa ngumi hadi kichwa cha mtu. Hapo hakuna kukwea, lakini ndipo vifundo vya miguu vinapoteguka. Kisha unafika upande wa Shaheru, kreta ya zamani iliyokaa kwenye ubavu wa kusini, eneo ambalo nyufa za mlipuko wa Januari 2002 zilipita, na mvuke bado hutoka mahali mahali. Juu zaidi mimea inapungua, lobelia zinasimama peke yake, na koni ya mwisho inaanza. Ni hapa, kwenye kipande kifupi cha juu, mikono inapotoka mfukoni. Ukifuata njia, ni daraja la I. Ukipotea njia kwa mita ishirini kwenye ukungu, unaweza kujikuta kwenye II bila kujua umeingiaje.

Kuna kipimo kimoja cha macho kinachosaidia sana kwenye volkano. Changarawe na kokoto za lava zilizolegea haziwezi kukaa kwenye mteremko unaozidi nyuzi 33 hivi. Zikizidishwa, zinaporomoka hadi mteremko urudi hapo. Maana yake ni kwamba mteremko wenye kokoto zilizotulia uko chini ya kiwango hicho, na unatembeka ingawa unachosha: hatua mbili juu, moja unarudi. Mteremko ukiwa mkali kuliko hapo, basi kilicho chini ya mguu wako ni mwamba ulioshikamana, au ni mawe yanayongoja kuguswa. Hayo mawili yanafanana kwa macho, na kuyatofautisha ndiyo nusu ya ujuzi wote.

Tena, usiuhukumu mlima kutoka Goma. Ukitazamwa uso kwa uso kutoka mbali, mteremko huonekana kama ukuta, na ukiwa chini yake kabisa huonekana mfupi na mpole kuliko ulivyo. Pembe ya kweli huonekana ukiutazama ubavuni.

Jiwe lenyewe

Lava ya Nyiragongo ina silika (madini yaliyomo kwenye mchanga na kioo) kidogo kuliko lava nyingi duniani, na silika ndiyo inayofanya lava iwe nzito kama inavyokuwa kwingine. Hii yetu hukimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lilijimwaga kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiofika saa moja, na mahali penye mteremko mkali lava ilikadiriwa kwenda hadi kilomita 60 kwa saa. Watu wengi wanalijua hilo kama habari ya maafa. Kwa mkweaji lina maana nyingine pia: lava ya maji hivyo ikipoa huacha tabaka nyembamba. Juu panaganda, chini bado inaendelea kukimbia, na ikishapita panabaki uwazi. Unakanyaga unachodhani ni mwamba, ganda linavunjika, mguu unazama hadi kwenye ugoko na makali yanakwangua ngozi wakati wa kuutoa. Dawa yake ni kugonga mbele kwa fimbo au kisigino. Panapolia uwazi, zunguka.

Sifa njema ya jiwe hili ni ukwaruzo wake. Soli ya kiatu hulishika hata likiwa na maji, mradi halina kuvu wala mwani. Penye rangi ya kijani au nyeusi inayong'aa baada ya mvua, hesabu kwamba hapana mshiko kabisa. Ukwaruzo huo huo ndio unaochana viganja. Glavu za kazi za bei ya chini, za ngozi au kitambaa kigumu, ni muhimu kuliko vifaa vingi vya bei kubwa.

Na sasa lililo kubwa zaidi: jiwe la kushika na jiwe lililokaa tu. Watu wa Goma wana bahati, kwa sababu somo hili liko kwenye kila ukuta wa kiwanja uliopangwa kwa mawe ya volkano bila saruji. Mtoto anayezoea kuruka ukuta wa jirani anajua kwamba jiwe lililobanwa na mengine, hata likiwa dogo, linambeba, na jiwe kubwa la juu kabisa ndilo linalomwangusha. Mlimani ni vile vile. Ukubwa wa jiwe hauna uhusiano na uimara wake. Tazama limeshikwa na nini: kama kuna nyufa pande zote kulizunguka, hilo limekaa tu.

Kulijaribu jiwe kuna utaratibu. Kwanza lipige kwa kiganja ukisikiliza. Jiwe lililoshikamana hutoa sauti fupi kavu, lililolegea hutoa sauti nene na unaisikia ikitikisika mkononi. Kisha lisukume chini, kwa nguvu inayoongezeka polepole, uzito wako ukiwa bado kwenye miguu. Usilivute kuelekea kwako. Jiwe ambalo lingekubeba ukiliegemea kuelekea chini linaweza kuchomoka kama droo ukilivuta nje, na likichomoka linakuja kifuani kwako, kisha kwa anayekufuata.

Mikono inasaidia, miguu inabeba

Kanuni ya kwanza ni viungo vitatu: kati ya mikono miwili na miguu miwili, vitatu vimeshika, kimoja kinatembea. Inasikika rahisi, na watu huivunja mahali pamoja: wakishachoka, huhamisha mkono na mguu kwa pamoja ili kuokoa muda.

Kanuni ya pili haifahamiki vizuri. Mgeni hujivuta kwa mikono. Mikono ina misuli midogo. Baada ya dakika kumi inatetemeka, na mtu anadhani ameishiwa nguvu ilhali mapaja bado yamepumzika. Weka mguu mahali pa juu kiasi cha goti, si zaidi, hamisha uzito wote juu ya mguu huo, simama. Mkono ubaki kati ya kifua na kichwa, ukizuia mwili usiyumbe. Ukiona mikono yako iko juu ya kichwa muda mrefu, hatua zako ni ndefu mno. Tafuta vikanyagio vidogo vya katikati.

Kisigino kiwe chini kidogo ya vidole, si juu. Kisigino kikiinuka, misuli ya nyuma ya mguu hutetemeka na soli inagusa jiwe kwa ncha tu. Kifua kisilale juu ya mwamba. Ni jambo la kuogopesha kidogo, kwa sababu woga unakuambia ulikumbatie jiwe, lakini ukilikumbatia uzito unasukuma miguu nje na ndipo inateleza. Simama wima juu ya miguu yako, uso mbali na mwamba kiasi cha kuona unapokanyaga.

Mimea usiiamini. Lobelia na vichaka vya juu vimeota kwenye udongo mchache uliojaa kati ya mawe, mizizi haina pa kwenda. Shina nene linang'oka lote.

Fimbo zifungwe kwenye mkoba mara tu mikono inapohitajika. Fimbo inayoning'inia kwenye kifundo cha mkono imeangusha watu wengi. Mkoba wenyewe uwe na vitu vizito katikati ya mgongo, ukazwe, pasiwe na bidoni wala sufuria inayoning'inia nje. Zaidi ya kilo saba au nane, kwa mtu wa kawaida, mkoba unaanza kuamua wewe uegemee upande gani.

Kama mko wengi, tatizo kubwa si kuteleza kwenu, ni mawe mnayoangushiana. Kuna njia mbili tu zinazofanya kazi. Ama mnakwenda mmekaribiana sana, kiasi kwamba jiwe likichomoka mwenzako analizuia kabla halijapata kasi, ama mnapita mmoja mmoja na wengine wanangoja pembeni, si chini. Umbali wa mita kumi kati ya mtu na mtu, ambao watu huuona wa busara, ndio mbaya kuliko yote. Jiwe likitoka, piga kelele "Jiwe!" hata kama unadhani hakuna mtu chini. Ukisikia kelele hiyo usiinue uso kutazama. Jibanze kwenye mwamba, mkoba ukiwa juu ya shingo.

Viatu: vyenye soli ngumu yenye meno, vinavyofika juu ya kifundo. Boti za mpira, ambazo wakulima wa viazi wa Kibumba wanazipenda kwa haki kabisa, ni nzuri kwenye matope ya msituni. Kwenye ukingo wa jiwe mguu unaogelea ndani yake, na soli inajikunja. Kata kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla. Kaza kamba za kiatu upya kabla ya kushuka, hasa sehemu ya juu ya unyayo, la sivyo vidole vitagonga mbele kwa saa tatu na kucha zitageuka nyeusi.

Kamba, pombe, na mengine yanayosemwa

"Ukiwa na kamba hauanguki." Kamba isiyofungwa kwenye mwamba haimzuii mtu, inamuunganisha na mwenzake. Watu wawili waliofungana kiunoni kwenye mteremko wa mawe, mmoja akiteleza, wanateleza wawili. Kamba inaokoa pale tu ambapo kuna mahali imara pa kuifunga na mtu anayejua kuishikilia. Bila hivyo viwili, iache nyumbani.

"Kushuka ni rahisi." Kushuka ni haraka, saa tatu au nne badala ya tano. Rahisi si. Ukipanda, macho yako karibu na mikono yako na unaona kila kishikio. Ukishuka, kinachotafuta njia ni miguu, iliyo mbali na macho. Kila hatua mapaja yanafanya kazi ya breki, na yamechoka tayari. Penye mteremko mpole tazama nje, magoti yakiwa yamelegea, hatua fupi. Ukizidi, geuka ubavu. Ukizidi tena, geuza uso kwenye mwamba na shuka kama ulivyopanda. Watu huona aibu kushuka kinyumenyume mbele ya wenzao, na aibu hiyo imevunja mifupa mingi kuliko uchovu.

"Kijana mwenye nguvu haugui kimo." Ugonjwa wa kimo hautazami misuli. Unaweza kuanza kuanzia mita 2,500 hivi: kichwa kinauma, tumbo linakataa chakula, usingizi hauji, mtu anakuwa mzito na mkali bila sababu. Kinachotokea si kwamba oksijeni "imeisha" juu. Bado ni asilimia 21 ya hewa, kama kando ya Ziwa Kivu. Kilichopungua ni msukumo wa hewa yote. Goma, kwa karibu mita 1,500, tuna takriban asilimia 84 ya msukumo wa pwani. Kwenye ukingo wa Nyiragongo ni kama asilimia 66. Kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na ile ya mjini. Mtu wa Goma ana nafuu kuliko anayetoka Kinshasa au Mombasa, lakini si kinga. Na kijana mwenye nguvu huugua mara nyingi kwa sababu moja tu: anakimbia. Kasi nzuri ni ile inayokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika, mita 300 za kwenda juu kwa saa. Mtu akianza kuyumba au kuongea visivyoeleweka, anashushwa hapo hapo, akiwa na mtu, hata kama ni usiku. Hangojewi asubuhi.

"Kikombe cha kasiksi kinaleta joto." Kinaleta hisia ya joto. Pombe hufungua mishipa ya damu ya ngozi, damu ya moto inakuja nje, na mwili unapoteza joto lake haraka zaidi. Hewa hupoa kwa nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000, na kati ya Goma na kileleni kuna mita 2,000. Usiku wa nyuzi 15 mjini ni usiku wa nyuzi mbili juu, bila kuhesabu upepo. Jinzi iliyolowa haikauki huko. Shati kavu la kubadilisha, likiwa ndani ya mfuko wa plastiki, lina thamani kuliko blanketi la pili.

Kuhusu maji, wageni wengi hukosea kwa kufikiri kwamba mlima wenye mvua nyingi utakuwa na mito. Lava ina matundu, mvua inazama yote. Hakuna kijito cha kunywa njiani. Lita tatu za kupanda, na mbili zaidi kama ni safari ya kulala. Chakula kiwe cha kula bila kupika: karanga, chapati, ndizi, kipande cha fromaji (jibini) ya Masisi. Kupika kunachukua muda zaidi huko juu, kwani kwa kimo kile maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90 na maharage hayatakuelewa.

Kimo au gesi?

Hapa ndipo watu wa Goma wanachanganya zaidi, kwa sababu tuna mazuku. Mtu akiishiwa pumzi mlimani, wenzake husema ni mazuku; akiumwa kichwa kwenye bonde karibu na ziwa, wanasema ni uchovu. Mara nyingi ni kinyume chake.

Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala mabondeni, kwenye mashimo na nyufa, hasa alfajiri kabla ya upepo. Inajulikana zaidi huku chini, magharibi mwa Goma kuelekea Sake, ambako mbuzi na watoto hupatikana wamelala bila uhai kwenye shimo ambalo mtu mzima anapita kichwa kikiwa juu yake. Kwenye mlima kanuni ni ile ile: usipumzike ndani ya ufa au shimo, hata kama linakukinga na upepo, na usimfuate mtu aliyeanguka humo kwa kukimbilia. Kitambaa mdomoni hakizuii kaboni dioksidi, kikiwa kimelowa au kikavu.

Gesi ya kreta ni jambo jingine. Hiyo, dioksidi ya salfa, inajitangaza: inawasha macho, inachoma koo, mtu anakohoa. Upepo ukigeuka na kuileta, ondoka upande huo wa ukingo, usingoje ipite. Mwenye pumu hapaswi kukaribia kabisa.

Ukipumua kwa shida ukiwa unatembea lakini ukisimama dakika tano unatulia, na macho hayakuwashi, basi ni kimo na kasi yako. Punguza mwendo.

Ukingo wa kreta

Mahali pa hatari kuliko pote kwenye Nyiragongo pana mteremko kidogo sana. Ni ukingo wenyewe, ambako mtu anafika amechoka, anaona amemaliza, anaachilia mikono, anatoa simu. Kreta ina upana wa kilomita 1.2 hivi, na kuta zake ni tabaka za lava na majivu ambazo huporomoka zenyewe bila kuguswa. Mwaka 2007 mtalii mmoja alianguka ndani na kufa. Swali la kwanza la mkweaji, nikiteleza nitasimamia wapi, lina jibu moja tu pale. Baki mita kadhaa nyuma, piga picha ukiwa umekaa, na usirudi kinyumenyume ili mwenzako aingie kwenye fremu. Baada ya mlipuko wa 2021 sakafu ya kreta iliporomoka, kwa hiyo hata anayeujua ukingo wa zamani asidhani anaujua wa sasa. Hali ya volkano hutangazwa na Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, kwa rangi nne, kijani, njano, chungwa na nyekundu. Hiyo, pamoja na neno la parki, ndiyo inayoamua kama kuna safari.

Njia zikiwa zimefungwa, ujuzi unaweza kujengwa mjini. Tafuta jiwe kubwa la lava ya 2002 lisilozidi kimo cha kiuno, lenye ardhi tupu chini yake, siyo mawe. Vaa glavu na viatu utakavyovitumia. Panda ukitumia viungo vitatu, ukigonga kila kishikio kabla ya kukiamini, kisha shuka kwa njia ile ile, uso ukiwa kwenye jiwe, bila kuruka hata sentimita kumi za mwisho. Rudia na mkoba wa kilo tano mgongoni. Rudia tena baada ya mvua. Utagundua kwamba kupanda ulikuweza mara ya kwanza, na kwamba karibu mazoezi yote yaliyobaki ni ya kushuka.